Uliza Nani Atanawa

Swali la juma hili: «Ungemkubali daktari anayejifunza akupasue?»

Ningemkubali, ila kwanza ningeuliza habari za anayemsimamia. Hapa Bukavu hospitali kubwa ni shule pia: Panzi iko pamoja na Université Évangélique en Afrique, Hospitali Kuu ya Mkoa na Université Catholique de Bukavu. Stajere, yaani huyo anayejifunza, utamkuta tu.

Shida ni neno «kusimamiwa». Msimamizi anaweza kuwa amenawa mikono tayari kupasua, amevaa glovu, amesimama ng'ambo ya meza. Anaweza kuwa chumbani bila kunawa. Usiku anaweza kuwa nyumbani na simu yake, na huyo pia huitwa msimamizi. Chukua sezarieni, upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni. Kushona ngozi mwanafunzi ajifunzie hapo, sina neno. Hatari iko katikati: kwa mama aliyekwisha kupasuliwa, kibofu huweza kuwa kimeshikamana na kovu la zamani, kikakatwa wakati wa kukibandua. Na kichwa cha mtoto kikiwa kimeshuka sana, kukitoa kwa nguvu huweza kuchana mji wa mimba hadi pembeni, penye mishipa mikubwa ya damu. Hapo damu haimsubiri mtu apande pikipiki. Mama wa namna hiyo adai msimamizi aliyenawa tangu mwanzo.

Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2012, wagonjwa 94 kwa 100 walikubali daktari anayejifunza ashiriki. Walipoelezwa kazi atakayofanya, waliokubali walipungua kadiri kazi hiyo ilivyoongezeka, hadi 18 hivi. Wengine wataona ni afadhali kunyamaza, mafunzo yasikwame. Mimi naona wale waliobadili jibu hawakuwa wameridhia kitu, walikuwa hawajaambiwa.

Basi waambiwe mapema, kwa Kiswahili au Mashi, si wakiwa tayari wanasukumwa kuelekea bloku, chumba cha upasuaji. Na mume asitie sahihi peke yake wakati mke ana akili zake timamu!

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008, inataka kila aliye chumbani ajitaje jina na kazi yake kabla ngozi haijakatwa. Mama aliyechomwa ganzi ya mgongo yuko macho wakati huo. Jina la msimamizi aliyeahidiwa lisiposikika, aulize palepale.