Mzee kanunua RV, tunaanzia wapi?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi na mume wangu tupo Dallas mwaka wa 19 huu, watoto washakua wameondoka, sasa mzee juzi kaja na RV, yaani gari-nyumba, used ya futi 28, zile zenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, anataka mwezi wa kumi tuwashe moja kwa moja mpaka Grand Canyon, eti siku mbili tumefika. Sijawahi kulala kwenye gari hata siku moja. Naogopa choo, naogopa hela, na zaidi naogopa tutagombana njiani. Na ugali humo unapikika kweli?
Mama Wawili, Dallas

JIBU: Dada, hongera na pole kwa pamoja.

Siku mbili mwambie mzee asahau. Unapandisha Amarillo, unashika I-40 kwenda magharibi, unapita Albuquerque, mpaka Flagstaff tu, mji wa kabla ya Grand Canyon, ni kama maili 975, na hilo dude si Camry, kule Amarillo upepo unakupiga ubavuni mpaka mabega yanauma. Watu wa RV wana sheria yao ya tatu tatu, yaani usizidi maili 300 kwa siku, uwe umepaki kabla ya saa tisa mchana (3 pm ya huko), ukae siku tatu. Hiyo ya kukaa mi siifuati ila ya saa tisa naishika kama dini. Mafuta pigeni maili 8 mpaka 10 kwa galoni, kwa hiyo kwenda tu ni zaidi ya galoni 100, fanyeni hesabu mapema.

Kabla ya yote angalieni tairi. Ubavuni kuna herufi DOT na mwishoni tarakimu nne, ukikuta 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. RV used nyingi zimekaa tu juani, tairi inaonekana mpya kumbe imeshazeeka, ikipita miaka sita saba mi nabadilisha bila kubishana na mtu.

Halafu msiende mbali kwanza. Lipieni siku mbili Cedar Hill State Park hapo hapo kwenu, maji na umeme wa kuchomeka upo, mkisahau kitu nyumbani si mbali. Choo mkajifunzie huko. Mimi safari ya kwanza niliacha valvu ya tanki la choo wazi muda wote nikijua narahisisha kazi, kumbe maji yanakimbia yote mzigo unabaki, ukakauka mlima kabisa, siku ya kumwaga nimeinama pale na mke wangu kasimama na glavu zake za njano hasemi neno, afadhali angetukana. Valvu inafungwa mpaka tanki likaribie kujaa, unamwaga la choo kwanza, la maji ya vyombo na bafu linafuata linasafisha mpira, basi.

Ugomvi utakuja, na utakuja kwenye rivasi. Wewe unapunga mikono nyuma ya gari yeye hakuoni, anadhani umesema njoo. Usipoiona sura yake kwenye kioo ujue na yeye hakuoni. Sisi siku hizi tunapigiana simu tunaweka spika, kelele zimeisha, karibu zote.

Grand Canyon kwenyewe, kambi ya Mather Campground inapokea RV mpaka futi 30 kwa hiyo mnaenea, ila hakuna umeme wa kuchomeka, mkiutaka lipieni kambi ya Trailer Village, na msingoje mfike ndo mtafute nafasi. Blanketi beba za kutosha, kule ni kama mita 2,100 juu, Oktoba usiku ni Njombe ile ya mwezi wa saba, mkilala Flagstaff chomoeni mpira wa maji jioni usije ukaganda.

Ugali unapikika, kwa nini usipikike. Tatizo jiko ni dogo na sufuria inateleza, mzee ashike masikio ya sufuria wewe usonge. Na washa feni ya darini kabla ya kukaanga vitunguu, king'ora cha moshi cha humo hakina uvumilivu.