Kabla hujapuliza dawa, jua ni kithiripi gani

Msimu wangu wa tatu wa mishiri, yaani maharagwe machanga yanayoliwa na maganda yake, hapa Kirinyaga nilipuliza dawa kila wiki, na bado karibu nusu ya kreti zangu zilirudishwa. Maganda yalikuwa yamepinda, yana michirizi ya rangi ya fedha kama yamekwaruzwa na sindano. Muuza dawa alikuwa ameniambia, "Hao ni vithiripi tu, tumia ileile ya vitunguu." Nikaitumia. Laiti ningemuuliza: vithiripi gani?

Kiswahili wadudu hawa wadogo wanaofyonza mimea tunawaita wote jina moja, na hapo ndipo tunapopotea. Duniani wanajulikana aina zaidi ya 6,000, na hapa Kenya shamba moja la mishiri linaweza kuwa na aina tatu au nne kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nawaandikia majina yao ya kitaalamu. Hydatothrips adolfifriderici hupenda majani. Megalurothrips sjostedti, mwenyeji wa Afrika, hukaa ndani ya ua. Ni mweusi, anang'aa, na mkubwa kuliko wenzake. Humo humo uani utamkuta Frankliniella occidentalis, wa manjano au hudhurungi, aliyetoka magharibi mwa Marekani. Huyu wa mwisho ndiye wa kuogopwa, kwa sababu amezoea dawa nyingi tunazouziwa. Ukipuliza ovyo unamuua kunguni mdogo wa Orius anayemwinda, yeye anabaki na kuzaana.

Kwenye vitunguu adui ni mwingine kabisa, Thrips tabaci, anayejibana kwenye shingo ya mmea ambako dawa haifiki vizuri. Kwenye mahindi yuko Frankliniella williamsi, mmoja wa wadudu wanaosambaza MCMV, kirusi cha mahindi. Kirusi hicho kikikutana na kingine huleta ule ugonjwa wa kuua mahindi (MLN) ulioonekana mara ya kwanza Kenya huko Bomet mwaka 2011 na kuacha familia nyingi bila chakula.

Sasa mimi hufanya hivi. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, nachukua karatasi nyeupe na kugonga juu yake maua ishirini, kutoka sehemu mbalimbali za shamba. Subiri kidogo. Utaona vipande kama vya uzi, urefu wa milimita moja hivi, vikianza kutembea na kuinua mkia. Tumia kioo cha kukuza. Hesabu weusi peke yao na wa manjano peke yao, kisha geuza majani uangalie chini yake. Andika kwenye daftari kila wiki, hata wiki ambayo hukuona kitu.

Lakini rangi inakupa fununu tu. Wa manjano aliye mchanga anaweza kuwa wa aina yoyote kati ya hizo, kwa hiyo wakizidi nawatia wachache kwenye kichupa chenye spiriti, naandika jina la zao na tarehe, napeleka kliniki ya mimea. Wataalamu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, Nairobi, wamewachunguza vithiripi wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na huwatambua kwa darubini kwa kuangalia vinyweleo na mabawa.

Jambo jingine lililonisaidia ni kujua wanakojificha. Mayai hutagwa ndani ya jani au ua, na vithiripi wengi wakikaribia kukomaa hushuka udongoni. Dawa ya juu ya majani haiwagusi huko. Ndiyo sababu mara baada ya mavuno ya mwisho nang'oa mishiri yote na kulima, wala sipandi mingine pembeni ya shamba lililozeeka.

Na tafadhali, usiue kila kithiripi unachokiona. Wako wa Scolothrips, wenye madoa meusi kwenye mabawa, ambao kazi yao ni kula utitiri. Mwaka jana niliwakuta chini ya majani yaliyoshambuliwa na utitiri mwekundu, nikaiacha ile pampu stoo.