Vitamini C na E pamoja na dawa ya mseto

Pole na mgonjwa, dada. Umeuliza kama umpe mwanao vidonge vya vitamini C na E pamoja na mseto ili malaria iishe upesi. Usimpe sasa hivi. Dawa ya jamii ya artemisinini iliyomo kwenye mseto huamshwa na madini ya chuma ndani ya kimelea cha malaria, ikazalisha kemikali kali zinazomuua. Vitamini C na E kazi yake ni kuzima kemikali za namna hiyo, kwa hiyo dozi kubwa huenda ikapunguza makali ya dawa. Machungwa na mchicha mpe tu bila hofu.

Vitamini A ni habari nyingine. Utafiti wa Papua New Guinea uliochapishwa 1999 ulionyesha watoto waliopewa kila miezi 3 walipata homa za malaria pungufu kwa takriban asilimia 30. Lakini hiyo ni kinga, si tiba.

Kazana na mseto wenyewe: dozi 6 kwa siku 3, anywe na maziwa au chakula chenye mafuta ili dawa ifyonzwe vizuri, na amalize hata homa ikishuka. Akitapika kila anachomeza, akipata degedege au akilegea, mkimbize hospitali hata kama ni usiku.