Fungate kwa miguu Dar? Inawezekana

Hongereni, maharusi! Mmeuliza kama Dar inatembeleka kwa miguu. Jiji zima hapana, jua la saa saba litawagombanisha mapema. Ila Posta na Kivukoni, katikati ya jiji, raha tupu, mradi mtoke alfajiri.

Anzieni soko la samaki la Feri, mnada ukiwa umechangamka. Vaeni ndala, maji ya samaki hayachagui bibi harusi. Kisha ifuateni bahari: mtapita kanisa la Azania Front, halafu kanisa la Mtakatifu Yosefu lililokamilika 1902, na karibu yake Boma la Kale, la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid wa Zanzibar. Sanamu ya Askari ya 1927 haiko mbali. Mkikuta muuza kahawa na kashata, kaeni hapo, msiharakishe.

Mchana laleni.

Jioni vukeni Daraja la Tanzanite kwa miguu kuelekea ufukwe wa Coco, mle mihogo na mishikaki. Simu msizishike upande wa barabara, wapo wanaopora kwa pikipiki. Giza likiingia, chukueni bajaji. Kariakoo? Nendeni, ila pochi ibaki hotelini.