Re: Rangi inayobanduka dirishani, nyumba ya 1952

Dada, umeuliza kama ukwangue mwenyewe rangi inayobanduka dirishani, na mtoto wa mwaka mmoja anashika kila kitu. Usikwangue! Nyumba nyingi za Marekani zilizojengwa kabla ya 1978 zina rangi yenye risasi, yaani ile madini ya sumu (lead), na yako ni ya 1952. Ukipiga msasa mkavu au ukichoma rangi kwa moto, unageuza dirisha moja kuwa vumbi na mvuke wa nyumba nzima. Dirisha ndilo baya zaidi, maana kila ukilifungua na kulifunga mbao zinasuguana.

Kwanza mtoto apimwe damu kuona kama ina risasi. Daktari wake anaijua hiyo kazi. Kiwango cha CDC, shirika la afya ya umma la Marekani, cha kuanza kufuatilia ni maikrogramu 3.5 za risasi kwa desilita ya damu, ingawa hakuna kiwango salama.

Vile vijiti vya dukani vya kupimia risasi, vinavyobadilika rangi, mimi siviamini sana. Mkaguzi mwenye leseni huja na mashine ya eksirei na huchukua vumbi kwenda maabara. Mwenye nyumba anatakiwa kisheria kukueleza anachojua kuhusu risasi kabla hujasaini mkataba, kwa hiyo mwandikie, usimpigie simu tu.

Wakati unasubiri, futa kizingiti na sakafu kwa kitambaa chenye maji na sabuni, usifagie. Sogeza kitanda cha mtoto mbali na dirisha. Maji ya uji yawe ya bomba la baridi, maana ya moto huchukua risasi zaidi kutoka kwenye mabomba.

Halafu ule wanja wa manga uliotumiwa kutoka nyumbani, usimpake. Mwingine una risasi tele.