Kipimo cha lisozaimu: mwenzangu anasema damu ni damu

Nimeandikiwa kipimo cha lisozaimu. Ni kitu gani, na nije bila kula?

Lisozaimu ni kimeng'enya kinachovunja kuta za bakteria. Imo kwenye machozi, mate na kamasi, na pia ndani ya baadhi ya seli nyeupe za damu. Alexander Fleming, yule yule wa penisilini, aliitangaza mwaka 1922 baada ya kuona kamasi ikiyeyusha bakteria kwenye sahani ya maabara. Madaktari huiagiza zaidi wanapofuatilia saratani za damu za jamii ya monosaiti (aina mojawapo ya seli nyeupe), au sakoidosisi, ugonjwa wa uvimbe mdogomdogo kwenye mapafu na viungo vingine. Kwa kawaida hakuna haja ya kufunga, ila kama siku hiyo unapimwa na vitu vingine, uliza kwanza. Ukiwa na ugonjwa wa figo, useme. Figo ndizo zinazoichuja, na zikidhoofika kiwango hupanda hata kama seli nyeupe hazina hatia.

Mimi ndiye ninayechukua damu ya kipimo hiki. Nitumie tyubu nyekundu au ya zambarau? Mwenzangu anasema damu ni damu.

Mwenzako kwa hapa amepotoka. Damu inapoganda, seli nyeupe huachia sehemu ya lisozaimu yake, kwa hiyo seramu, yaani majimaji ya damu iliyoganda kwenye tyubu nyekundu, husoma juu kuliko plazima, yaani majimaji ya damu iliyozuiwa isigande, ya mtu yule yule. Ziko maabara zinazotaka plazima ya EDTA (kemikali ya kuzuia damu isigande), yaani ile tyubu ya kifuniko cha zambarau, na ziko zilizopanga viwango vyake kwa seramu. Fuata mwongozo wa maabara itakayopima, si mazoea ya chumba chenu. Kibaya ni kuchanganya: mwezi huu seramu, mwezi ujao plazima, daktari anaona namba imeshuka anafurahi kwamba dawa imekubali, kumbe kilichobadilika ni kifuniko.

Ukitumia ya zambarau, ijaze hadi alama yake, kisha ipindue taratibu mara 8 hadi 10. Nimesema ipindue. Wanaotikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi wanapasua seli.

Sampuli imekaa mezani tangu asubuhi haijazungushwa kwenye sentrifuji (mashine ya kutenganisha plazima na seli), lakini plazima inaonekana safi. Niitume?

Usiitume. Lisozaimu haionekani kwa macho. Yenyewe ni ngumu, haiharibiki upesi, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Tatizo ni seli: zikikaa zinakufa mojamoja na kumwaga zilichobeba, na mgonjwa wa lukemia, saratani ya seli nyeupe, anaweza kuwa nazo nyingi kupita kiasi. Zungusha mapema, kisha hamishia plazima kwenye tyubu safi. Kati ya plazima na seli nyekundu kuna utando mwembamba mweupe. Huko ndiko seli nyeupe zilikojazana. Usiuguse. Acha plazima kidogo juu yake, hata kama roho inakuuma kwa yale matone ya mwisho.

Na usigandishe damu nzima kwenye friza kwa kudhani unaihifadhi. Barafu hupasua seli. Kinachogandishwa ni plazima iliyokwisha kutenganishwa, tena isiyeyushwe na kugandishwa mara kwa mara.

Plazima imetoka nyekundu. Wataipokea?

Wakiipokea, wamekosea. Njia ya zamani ya kupima huangalia jinsi weupe wa maji yaliyojaa bakteria wa Micrococcus unavyopungua kadiri lisozaimu inavyowala, na hilo husomwa kwa mwanga. Rangi ya himoglobini, ile nyekundu inayomwagwa na seli nyekundu zikipasuka, inaingilia usomaji. Zaidi ya hapo, kilichopasua seli nyekundu huenda hakikuziacha nyeupe salama. Chukua upya.

Nimepiga chafya tyubu ikiwa wazi. Nina wasiwasi bure?

Kwa vipimo vingine ningekucheka kidogo. Kwa hiki, hapana: machozi na kamasi vina lisozaimu nyingi kuliko plazima kwa mbali, na mate pia yanayo. Chukua sampuli nyingine, vaa barakoa, na mazungumzo yangoje hadi ufunike tyubu. Kama hakuna damu nyingine, piga simu kliniki ueleze kwa nini unaomba mgonjwa arudi, na safari hii uandike saa ya kuchukua kwenye lebo mgonjwa akiwa bado mbele yako.