Gunia la viatu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Unasema majirani wamekuomba usimamie timu ya watoto wa mtaa wenu kila Jumamosi, nawe unasita kwa sababu wengi wao wanatoka katika nyumba zisizojiweza. Kisha ukaniuliza: "Mama, mtoto mwenye njaa unampa mpira wa nini?"

Ni swali la haki na sitalikwepa. Mpira haushibishi. Mtu akikuambia kwamba michezo peke yake inaondoa umaskini, mwambie kwamba mama yako alicheza mpira wa pete kwa miaka sita na paa la nyumba yao lilivuja miaka yote sita. Kama unazo fedha za kumsaidia mzazi wa mtoto, mpe kwanza. Lakini umaskini nilioujua mimi ulikuwa na upande mwingine mbali na tumbo tupu, nao ni kujificha. Nilijifunza mapema kukaa nyuma darasani ili nisiulizwe habari za ada, kusema sikipendi kitu ambacho sikuweza kukinunua, na kuondoka mahali kabla watu hawajaanza kuchangishana. Mtoto akishazoea kujificha hivyo, hata msaada ukija haumfikii, kwa maana hayupo pale unapogawiwa.

Aliyenitoa mafichoni alikuwa mwanamke tuliyemwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kutufundisha darasani. Alikuwa na filimbi, mpira mmoja uliobanduka ngozi, daftari na gunia. Nataka nikueleze habari za lile gunia, maana humo ndimo lilimo jibu langu. Viatu vyote vya mazoezi vilikuwa vya timu: vile vilivyoletwa na watoto wenye navyo, na vile ambavyo Mwalimu aliviombaomba kwa watu, vyote vilichanganywa humo. Jioni ya mazoezi gunia lilimwagwa chini, kila mmoja akatafuta vinavyomtosha, na mchezo ulipokwisha vikarudishwa. Mzazi mmoja aliwahi kulalamika kwamba viatu vipya vya binti yake vinavaliwa na wengine. Mwalimu akamrudishia kwa heshima bila neno, na wiki iliyofuata yule binti akavileta tena mwenyewe. Mwanangu, mimi sikuwa na viatu hata siku moja katika miaka ile, na hakuna mwenzangu hata mmoja aliyejua.

Daftari nalo lilikuwa na kazi yake. Nilipokosa mazoezi mara mbili mfululizo, Mwalimu alitokea nyumbani jioni, akakaa na bibi yangu aliyekuwa akinilea, akasema kwamba nafasi yangu haijapata mtu na timu inaningoja. Hakunihoji. Alipokuwa akiaga ndipo nilipomsindikiza na kumwambia kwamba nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na kwamba siku ya tisa ilikuwa inaisha bila mimi kukanyaga darasani, nikiondoka asubuhi na kurudi jioni ili bibi asijue. Siku mbili baadaye yeye na bibi waliongozana hadi shuleni, wakakubaliwa kulipa kidogo kidogo. Laiti jina langu lisingekuwamo katika daftari lile, nani angejua kwamba nimekosekana?

Na mchezo wenyewe ulinisaidia kwa namna niliyokuja kuielewa ukubwani. Katika mpira wa pete kila upande una wachezaji 7, kila mmoja na eneo lake asiloruhusiwa kulivuka, na aliyeudaka mpira hana zaidi ya sekunde 3 za kukaa nao wala haruhusiwi kukimbia nao. Mimi nilicheza katikati, na hata aliyekuwa hodari kuliko sisi sote ilimbidi atafute mtu wa kumpa. Nilikuwa sijawahi kuwa mtu ambaye wengine wanamhitaji.

Kwa kuwa wewe tangu utotoni ni mtu wa kudai ushahidi, nikukumbushe utafiti wa Emmy Werner na Ruth Smith, waliofuatilia maisha ya watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Karibu theluthi moja yao walikulia katika mazingira magumu, umaskini ukiandamana na ugomvi wa nyumbani, ulevi au maradhi ya akili ya mzazi. Hata hivyo, miongoni mwa hao, karibu mmoja kati ya watatu alikua mtu mzima anayejiamini na kuwajali wengine, na jambo mojawapo lililowatofautisha ni kuwa na walau mtu mzima mmoja aliyesimama nao kwa uthabiti, awe mzazi, bibi, jirani au mwalimu.

Lakini neno "uthabiti" hapo si pambo. Mwaka 2002 Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha uchunguzi kuhusu vijana wa Marekani waliounganishwa na walezi wa kujitolea. Uhusiano uliodumu mwaka mzima au zaidi ndio uliozaa matunda mengi zaidi, na ule uliovunjika kabla ya miezi mitatu uliwapunguzia vijana hali ya kujithamini. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Mwalimu alipohama, walikuja watu wengine na jezi mpya, picha zikapigwa, na baada ya wiki chache hawakuonekana tena. Mjomba wako, aliyekuwa bado mdogo, aliendelea kwenda uwanjani Jumamosi nne mfululizo akiwa amevaa jezi yake, akiwangoja. Ya tano hakwenda, na tangu hapo hakutaka kusikia habari za timu yoyote. Hilo bado linaniuma.

Ukitaka mfano mkubwa kuliko gunia letu, soma habari za chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1987. Huko timu ikisafisha taka mtaani hupewa pointi zinazohesabiwa katika ligi, na kijana anayejitolea hujikusanyia alama zinazoweza kumpatia ada, ambayo hulipwa moja kwa moja shuleni kwake. Timu yao kubwa, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008, na ni haki kuushangilia. Mimi hunigusa zaidi ile ada, kwa sababu mtoto huipokea kama kitu alichokifanyia kazi, bila kulazimika kusimulia shida zake mbele ya watu. Usije ukawaahidi watoto wako kwamba watakuwa wachezaji wa kulipwa. Katika timu yetu hakutokea hata mmoja.

Kwa hiyo kama unajua kazi yako itakuhamisha kabla ya mwaka kwisha, waambie majirani ukweli sasa, wamtafute mtu mwingine, na hakuna atakayekulaumu. Kama utabaki, jezi zisubiri. Anza na daftari, na kabla ya mwezi kwisha uwe umefika nyumbani kwa kila mtoto aliyeandikwa humo, ili mlango utakapobidi kubishwa siku ya shida usiwe unabishwa kwa mara ya kwanza. Huko ndiko utakakowaona wenye njaa ulioniuliza habari zao, nao watakuwa wamekwisha kukuzoea.

Gunia nitalishona mimi. Niandikie tu watoto ni wangapi, na mguu mdogo kuliko yote unavaa namba ngapi.

Mama yako